Funmilayo Ransome-Kuti: Msomi Aliyerudi Sokoni

Wapo wanaodhani kwamba usomi hupimwa kwa umbali uliopo kati ya msomi na asiyejua kusoma. Maisha ya Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria yanaikanusha dhana hiyo.

Alizaliwa Abeokuta mwaka 1900. Alisomea Uingereza kuanzia 1919, na aliporejea mwaka 1922 kufundisha alikuwa ameyaacha majina yake ya Kizungu. Chama alichokiongoza hapo awali kilikuwa cha wanawake waliosoma. Katika miaka ya 1940 akaanza kuwafundisha wachuuzi kusoma, nao wakamfundisha dhiki zao: kodi waliyotozwa pasi na uwakilishi, na mchele walionyang'anywa. Mwaka 1946 chama kikawa cha wote. Alivaa kama wao, akazungumza Kiyoruba mbele ya wakoloni, hata ikawabidi kutafuta wakalimani. Mwaka 1947 wanawake kwa maelfu walikesha nje ya kasri la Alake, mtawala aliyeegemea Waingereza. Januari 1949 Alake aling'atuka.

Sauti yake ilivuka mipaka. Aliungana na wanawake wa mataifa mengine katika mikutano ya kimataifa, akazuru China. Serikali ikamnyima pasipoti.

Uhuru haukumaliza udhalimu. Mwaka 1977 wanajeshi waliivamia nyumba ya mwanawe, mwanamuziki Fela, jijini Lagos, wakamtupa mama huyo dirishani. Alifariki mwaka 1978.

Walimu wenzangu, je, lugha tunayowafunza vijana wetu ni ya kuwaamrisha wachuuzi au ya kusimama nao?