Makhan Singh: Kwao Kulikuwa Wapi?

Wahenga walisema kuwa nyumbani ni nyumbani ijapokuwa pangoni. Hata hivyo, hawakutuachia kipimo cha kujua nyumbani kwa mtu ni wapi. Serikali inapomfukuza mtu nchini hudai kwamba inamrudisha kwao, kana kwamba jambo hilo halina utata. Maisha ya Makhan Singh, mmoja wa waasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, yanaonyesha jinsi dai hilo linavyoweza kuwa kisingizio cha kuvunja nyumba ya mtu.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilayani Gujranwala, Punjab. Baba yake, Sudh Singh, aliyekuwa seremala, alitangulia kuja Kenya mwaka 1920 kufanya kazi katika reli. Mtoto na mama walingoja miaka saba kabla ya kuvuka bahari na kuungana naye Nairobi mnamo 1927. Hiyo ndiyo ada ya familia za wahamiaji: mmoja hutangulia, wengine husubiri. Kijana huyo alisoma mjini humo, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji cha baba yake.

Mwaka 1935 aliongoza kuundwa kwa chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote, jambo lililowatia wakoloni hofu. Mgomo wa 1937 uliwapatia wafanyakazi nyongeza ya mshahara. Baadaye alisafiri kwenda India, na mwaka 1940 akakamatwa huko Ahmedabad na kutiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Alipotolewa aliamriwa asitoke kijijini Gharjakh, hadi 1945.

Aliporejea Kenya, Agosti 1947, serikali ilimwita mhamiaji aliyepigwa marufuku na kumtaka aondoke. Msomaji na autazame mwezi huo kwa makini. Ni Agosti 1947 ndipo Bara Hindi lilipogawanywa. Gujranwala ikawa Pakistan, na Masingasinga wa huko wakayahama makao yao kwa vitisho na umwagaji damu. Kwa hiyo, kijiji alikozaliwa kilikuwa sasa katika nchi nyingine, na watu wa dini yake hawakuwa tena na makao huko. Baba yake alikuwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa Nairobi. Aliambiwa arudi kwao, ilhali kwao kulikuwa papo hapo alipofukuzwa. Na waliomwambia hivyo ni watawala ambao wenyewe walikuja kwa meli kutoka Uingereza!

Serikali ilijaribu kumfukuza kupitia mahakamani, ikashindwa, kwa kuwa alikuwa mkazi halali. Mnamo Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa pamoja na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Kwa kuwa serikali haikuweza kumvusha bahari, ilimhamisha ndani ya Kenya yenyewe: Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Alikaa mbali na watu wake kwa zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961.

Katika miaka hiyo mkewe, Satwant Kaur, aliishi bila mume, na watoto wao wakakua bila baba. Mlango wa gereza hilo haukufungwa kabisa. Makhan Singh angekubali kuondoka Kenya na kwenda India, angeachiliwa. Hapo ndipo ukatili wa sera hiyo unapodhihirika. Mzazi alitakiwa achague kati ya kukaa na familia yake ugenini na kubaki peke yake katika nchi aliyoiita yake. Alikataa kuondoka, na gharama ya msimamo huo ikalipwa pia na mke na watoto ambao hawakushtakiwa kwa lolote.

Baada ya uhuru hakupewa wadhifa mkubwa. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, iliyochapishwa mwaka 1969, na akafariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Walimu wanapofundisha harakati za uhuru, wasiishie kwenye migomo na tarehe. Wawaulize wanafunzi swali ambalo sheria ya kikoloni ililikwepa: je, kwao mtu ni pale alipozaliwa, au pale walipo wazazi, mke, watoto na jasho lake? Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Hata hivyo, hakimu au afisa anayetia sahihi amri ya kumfukuza mtu mmoja sharti ajue kwamba ameihukumu nyumba nzima.