Hattie McDaniel: Alipewa Oscar, akanyimwa kaburi



Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu wa filamu za kale za Hollywood. Wenzangu wakizungumza mpira, mimi nazungumza Clark Gable na Bette Davis. Lakini nikiulizwa ni mwigizaji gani wa zama zile ninayemheshimu zaidi, simtaji yeyote kati ya wale waliokuwa wakibandikwa kwenye mabango. Namtaja mama mmoja mnene, mweusi, ambaye karibu kila filamu alivishwa eproni na kilemba cha mtumishi. Jina lake Hattie McDaniel.

Alizaliwa mwaka 1893 mjini Wichita, katika jimbo la Kansas, kitinda mimba wa watoto kumi na watatu. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Babake, Henry, alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Kaskazini, akarudi na majeraha, kisha akahangaika miaka na miaka kuidai pensheni yake. Mamake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kanisani. Familia ikahamia Colorado, na huko Denver Hattie akaonyesha mapema kwamba ana kipaji. Mwaka 1908, akiwa bado mwanafunzi, alishinda nishani ya dhahabu kwa kughani shairi mbele ya hadhira. Watu wa Pwani tunajua maana ya mtoto kusimama akaghani na watu wazima wakanyamaza kumsikiliza.

Baada ya hapo aliingia katika vikundi vya maonyesho pamoja na ndugu zake, akaimba, akachekesha watu, na katika miaka ya 1920 akaimba redioni. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 1929, maonyesho yakakatika. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuwahudumia wateja msalani katika klabu moja karibu na Milwaukee. Usiku mmoja akaruhusiwa kupanda jukwaani, akaimba, na kuanzia hapo akawa mwimbaji wa klabu hiyohiyo.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles, ambako baadhi ya ndugu zake walikuwa wametangulia. Alipata kipindi cha redio kilichompa jina lakini si pesa, kwa hivyo akawa anafanya kazi za ndani katika nyumba za watu ili ale. Zingatieni hili, kwa sababu ndilo litakaloeleza mengi mbele. Huyu mama alifua nguo za watu kwelikweli kabla ya kulipwa kuigiza mwanamke anayefua nguo za watu.

Filamu zikaanza kuja. Mwaka 1934 alionekana katika Judge Priest ya mwongozaji John Ford, na mwaka 1936 katika Show Boat pamoja na Paul Robeson. Katika nyingi za mwanzo jina lake halikuandikwa hata mwishoni. Wazungu wenye studio hawakuwa na nafasi nyingine ya kumpa mwanamke mweusi ila jikoni au mlangoni, na yeye akazichukua. Mchagua jembe si mkulima. Ila ukimtazama vizuri utaona hakuwa mtumishi wa kuinamisha kichwa. Alikuwa na jicho la kumpima tajiri wake na ulimi wa kumjibu, na mara nyingi ndiye mwenye akili kuliko wote mle chumbani.

Kisha ikaja Gone with the Wind ya mwaka 1939, filamu ya karibu saa nne juu ya mashamba ya Kusini mwa Marekani wakati wa vita. Hattie alipewa nafasi ya Mammy, mjakazi aliyemlea Scarlett O'Hara. Neno mjakazi sisi huku tunalijua uzito wake, halihitaji kamusi. Filamu yenyewe iliupamba utumwa, na hilo ni doa lake mpaka leo. Lakini kila Mammy anapoingia, macho huhama kwa wenye nguo za hariri yakaenda kwake. Kuna pahali anapanda ngazi huku akilia na kueleza msiba ulioiangukia nyumba ile. Nimeiona mara nyingi na bado hunibana koo.

Filamu ilipozinduliwa mjini Atlanta tarehe 15 Desemba 1939, Hattie hakuwepo. Sheria za ubaguzi za Georgia hazikumruhusu kuketi na Wazungu katika ukumbi uleule ambamo uso wake ulikuwa kwenye pazia. Inasimuliwa kwamba Clark Gable, aliyekuwa rafiki yake, alitaka kususia, na Hattie mwenyewe ndiye aliyemwomba aende.

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Februari 1940, zawadi za Oscar zilitolewa katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli hiyo haikuwa ikipokea watu weusi. David Selznick, mwenye filamu, ilimbidi aombe ruhusa maalumu ili Hattie aingie. Wenzake wa filamu waliketi pamoja. Yeye aliwekwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta. Kutoka kwenye meza hiyo ndipo alipoinuka kupokea tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, mtu mweusi wa kwanza kabisa kupata Oscar. Alishukuru huku machozi yakimlenga, akaomba aendelee kuwa fahari ya watu wake. Kisha akarudi kwenye meza yake kando ya ukuta.

Mtu angedhani baada ya siku ile milango ilifunguka. Haikufunguka. Studio ziliendelea kumpa eproni ileile. Na sasa mishale ikaanza kumjia kutoka kwa watu wake. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kikiongozwa na Walter White, kilidai Hollywood iache kuwaonyesha weusi kama watumishi na vichekesho tu. Dai hilo lilikuwa la haki. Lakini aliyelipa gharama yake alikuwa ni Hattie na wenzake, walioanza kutazamwa kama wasaliti. Jibu lake lilikuwa la mtu aliyewahi kushika kazi zote mbili. Alisema ni afadhali alipwe mshahara mkubwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa kidogo kuwa mtumishi.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wapo wanaosema Hattie aliishi kwa kuubusu mkono ule. Mimi nasema watu hao wameishia kwenye filamu, hawakufika kwenye nyumba yake.

Katika miaka ya vita alinunua nyumba nzuri mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles. Majirani wa Kizungu wakafungua kesi. Walisema hati za viwanja zina sharti kwamba mtu asiye Mzungu haruhusiwi kukaa hapo, kwa hivyo Hattie na weusi wenzake watolewe. Hattie hakuhama. Aliwakusanya majirani weusi nyumbani kwake, wakajipanga, wakamweka wakili Loren Miller. Desemba 1945 jaji akaitupilia mbali kesi ile, akasema katiba ya Marekani inawalinda. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba masharti ya aina hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote nchini, Loren Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliosimama kutetea. Sisi tunaojua kesi za ardhi na hati zinavyoweza kumng'oa mtu kwake, hatuhitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hilo.

Mwaka 1947 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kipindi chake mwenyewe cha redio nchini humo, Beulah. Alikuwa mtumishi tena, lakini safari hii aliweka sharti kwamba hatazungumza ile lugha ya kuvunjavunja waliyozoea kuandikiwa weusi.

Saratani ya matiti ilimkuta alipoanza kukipeleka kipindi hicho kwenye televisheni. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Katika wasia wake aliomba jeneza jeupe na sanda nyeupe, na azikwe katika makaburi ya Hollywood, walikolala waigizaji wenzake. Mwenye makaburi alikataa, kwa kuwa yalikuwa ya Wazungu pekee. Akazikwa Rosedale. Oscar yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, nako baada ya miaka ikapotea. Mwaka 1999 mmiliki mpya wa makaburi ya Hollywood alitaka kumhamishia huko, jamaa zake wakasema aachwe alipo, basi likajengwa jiwe la kumbukumbu tu. Na mwaka 2023, chuo kikapewa tuzo nyingine badala ya iliyopotea.

Ilichukua zaidi ya miaka hamsini mpaka mwanamke mweusi mwingine, Whoopi Goldberg, apate Oscar ya uigizaji mwaka 1991.

Sisi Waislamu tunafundishwa kumsitiri maiti na kuharakisha kumzika, na ardhi haimuulizi mtu rangi. Ndiyo maana kisa cha kaburi hunichoma kuliko kisa cha meza. Hattie hakuchagua mlango aliofunguliwa. Alipoingia alikataa kutoka, na alipoambiwa atoke nyumbani kwake, alikwenda mahakamani akashinda. Kabla ya kumhukumu mtu kwa kazi aliyopewa, tutazame kwanza alifanya nini nayo.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.