MUYAKA, MALENGA WA MVITA

Sisi wa Magogoni tukivuka daraja la Nyali kwenda mjini, Fort Jesus si mbali. Enzi za Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata mwaka 1776, ngome hiyo ilikuwa ya Mazrui, watawala wa Mombasa, naye alikuwa mshairi wa upande wao.

Zamani hizo tungo nyingi zilizoandikwa zilikuwa za dini. Muyaka alilishika shairi la mistari minne akalipeleka sokoni, akatunga juu ya mapenzi, ufukara, mke na mume, na vita. Watu wa Lamu walipowashinda Mombasa na Pate kule Shela, alijibizana na washairi wao. Seyyid Said wa Omani naye alipigwa vijembe. Watu wakaziimba.

Lakini fumbo bila kisa chake ni nini? Seyyid Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837, na Muyaka akafariki yapata 1840. Tungo zikabaki vinywani mwa watu, na wazee waliojua nani alilengwa wakawa wanaisha mmoja mmoja.

Basi akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa hapa hapa Mombasa (jina Sikujua, na kumbe alijua!). Alizikusanya, akamfafanulia maana zake mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor. Diwani ilichapwa Johannesburg mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Mimi naona Sikujua naye alistahili jina lake liwe jaladani.