Sultani Barghash: Usambara ilimponyoka, milango yake ikabaki

Leo ukitaja Usambara, wengi wanafikiria baridi ya Lushoto na magari ya mboga yanayoshuka Mombo. Miaka 150 iliyopita, biashara ya milima hiyo ilishukia Pangani na kuishia Unguja, kwa mtu mmoja: Sultani Barghash bin Said.

Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, jumba lenye milango ya nakshi inayojulikana mbali. Alijenga kama mtu mwenye uhakika wa kutawala miaka mingi. Haikuwa hivyo.

Aliutaka usultani mapema

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856. Kiti cha Zanzibar kikaenda kwa kaka yake, Majid. Barghash hakukubali. Mwaka 1859 aliasi, akisaidiwa na dada zake Khole na Salme.

Uasi ulizimwa kwa msaada wa wanajeshi wa majini wa Uingereza, naye akapelekwa Bombay, India, uhamishoni kwa miaka miwili. Aliporudi alitulia, akasubiri. Oktoba 1870 Majid akafariki, na zamu yake ikafika.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mgumu. Aprili 1872 kimbunga kikali kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Juni 1873, Waingereza wakitishia kuzingira kisiwa kwa manowari, alisaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Soko la watumwa la Mjini likafungwa.

Watu waliotoka milimani

Mkataba huo uliwagusa moja kwa moja watu wa Usambara. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikuwa amefariki mwaka 1862, na ufalme wa Wasambaa ukaingia kwenye vita vya kugombea urithi.

Mwanawe Semboja aliweka makao Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Bunduki zilipanda kutoka pwani, pembe za ndovu na mateka wakashuka. Hata baada ya 1873, watu waliendelea kuvushwa kwa magendo kutoka Pangani hadi mashamba ya karafuu ya Pemba. Karafuu hizo ndizo zilizoipa Zanzibar utajiri wake.

Jinsi nakshi inavyotoka

Beit al-Ajaib ilikamilika mwaka 1883, ikitazama bahari pale Forodhani. Milango yake mikubwa ilichongwa maandishi ya Kurani na kupakwa rangi ya dhahabu.

Kazi ya nakshi ni ya subira. Fundi anachukua ubao mgumu, kama msaji kutoka India, anachora mchoro juu yake, kisha anafuatisha mistari kwa patasi na nyundo ya mti. Hatua ngumu ni inayofuata: kuchimba ubao kuzunguka mchoro. Ua au herufi haibandikwi. Inainuka kwa sababu mbao ya pembeni imeondolewa. Patasi ikiteleza na kukata herufi, hakuna kurudisha.

Uzuri zaidi huwekwa kwenye kizingiti cha juu, fremu na mfaa, yaani ule mti wa katikati unaoziba mwanya wa mbao mbili za mlango. Milango ya zamani ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka. Baadaye, mafundi wa Kihindi walipoongezeka mjini, kizingiti cha upinde kikashika kasi. Mnyororo uliochongwa kwenye fremu husemwa kuwa ni ulinzi wa nyumba; samaki, uzazi na neema.

Mlango ulikuwa unazungumza kabla mwenye nyumba hajatoka. Wa Barghash ulitangaza dini, mali na mamlaka.

Miaka miwili tu baadaye

Mwaka 1885 Ujerumani ilitangaza kuzilinda nchi za bara ambazo Carl Peters alidai kupewa na machifu. Mawakala wa kampuni yake wakaendelea kukusanya mikataba, hadi nchi zilizo nyuma ya Pangani. Barghash alipinga. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake jipya. Salme, dada aliyemsaidia kuasi na ambaye sasa alikuwa mjane wa Mjerumani, naye aliletwa kwa meli. Barghash alikataa kumwona.

Alisalimu amri. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana bara, na sultani akabakiziwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Usambara ikaangukia upande wa Wajerumani. Hakuna aliyewauliza Wasambaa.

Barghash alifariki Machi 1888. Semboja alimfuata mwaka 1895. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, Lushoto tayari ilikuwa inaitwa Wilhelmstal.

Jumba lenyewe liliponea mabomu ya Waingereza mwaka 1896. Kilichokuja kulishinda ni uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha.

Nakshi za Zanzibar bado zinachongwa kwa patasi hadi leo. Majina ya mafundi waliomchongea Barghash hayakuandikwa kwenye mbao zile. Wala ya mateka walioshushwa kutoka Usambara.