Bibi Ellen Richards, Mpima Maji

Watu mashuhuri ambao habari zao huandikwa katika jarida letu mara nyingi ni majemadari, wafalme, au wavumbuzi wa mashine. Leo mimi nataka kuwasimulia wasomaji habari za mwanamke ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupima maji ya visima na mito, chupa baada ya chupa, kwa muda wa miaka karibu arobaini. Jina lake ni Ellen Swallow Richards, naye alikuwa Mmarekani. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi wasichana tusomao Kemia twapenda kujua ni nani aliyetutangulia. Ya pili nitaieleza mwishoni, kwa maana inahusu kisima cha nyumbani kwetu, na si jambo jepesi kwangu kuliandika.

Ellen Swallow alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1842, katika kijiji cha Dunstable, jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake na mama yake wote wawili walikuwa wamesomea ualimu, wakamfundisha wenyewe nyumbani. Baadaye baba akafungua duka, na binti akamsaidia kuuza na kuandika hesabu. Alipokwisha soma shule ya pale karibu alitaka sana kuendelea, lakini fedha hazikutosha, na mama yake alikuwa mgonjwa. Basi ikapita miaka kadhaa akifundisha watoto, akipika na kufanya usafi katika nyumba za watu, huku akiweka akiba. Inasemekana kwamba miaka ile ilimhuzunisha hata akaugua. Mwishowe akapata dola 300, na mwaka 1868, karibu atimize miaka ishirini na sita, akaingia Chuo cha Vassar, kilichokuwa cha wanawake. Huko alifundishwa elimu ya nyota na Maria Mitchell, mwanamke aliyegundua nyota yenye mkia. Lakini Binti Swallow akavutwa zaidi na Kemia, kwa kuwa aliiona ni elimu iwezayo kuingia jikoni na uani mwa mtu.

Alipohitimu mwaka 1870 alitafuta kazi kwa wakemia, wasimtake. Akaomba nafasi katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, mjini Boston, ambacho hadi leo hujulikana kwa herufi MIT. Chuo kile hakijawahi kupokea mwanamke hata mmoja. Wakubwa wakashauriana, wakamkubali kama mwanafunzi wa namna ya peke yake, tena bila kulipa ada. Yeye alifikiri wamemhurumia kwa umaskini wake. Kumbe sababu ilikuwa nyingine: ikiwa mtu angelalamika kwamba mwanamke yumo chuoni, mkuu wa chuo aweze kujibu kwamba huyo si mwanafunzi hasa. Alipokuja kulijua jambo hilo baadaye, alisema kwamba angalilijua mapema asingalikubali kuingia. Mimi nafikiri ni bahati kwamba hakulijua.

Humo chuoni alifanya akili. Mbali na masomo yake alifagia, akawashonea walimu vifungo, akafunga vidole vilivyojikata, mpaka watu wakazoea kumwona. Dada zangu wa Kidato cha Kwanza wasije wakadhani kwamba nawahimiza kuwafulia walimu. Nasema alivyofanya yeye, wakati ule. Mwaka 1873 akapata shahada yake, mwanamke wa kwanza kuipata katika chuo hicho. Akaendelea kusoma akitumaini shahada ya udaktari, asipewe.

Hata kabla ya shahada ile alikwisha anza kazi ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Mwalimu mmoja, William Nichols, alipewa na Bodi ya Afya ya jimbo kazi ya kupima maji, akamchukua Binti Swallow awe msaidizi wake. Wasomaji na wakumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Viwanda vilikuwa vikiongezeka kando ya kila mto, na miji ikitiririsha uchafu wake wote humo humo mtoni, na mji wa chini ukiyanywa maji yale yale. Mashambani kisima na choo vilikuwa jirani. Daktari John Snow wa London alikwisha onyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu huletwa na maji, lakini si wote waliosadiki. Mdudu wa homa ya matumbo hakuonekana chini ya hadubini mpaka mwaka 1880. Kwa hiyo mkemia wa mwaka 1872 hakuweza kumtafuta mdudu mwenyewe, bali alitafuta nyayo zake. Kama amonia imo majini kwa wingi, yaelekea uchafu umeingia karibuni. Akitia dawa ya Nessler maji hugeuka manjano, na kadiri amonia ilivyo nyingi ndivyo umanjano unavyokolea. Kazi hii yataka jicho zuri na mikono safi mno, kwa sababu hata chupa isiyosuuzwa vema hudanganya.

Mwaka 1875 aliolewa na Robert Richards, mwalimu wa elimu ya madini pale chuoni. Fungate yao haikuwa ya kukaa kivulini. Walikwenda Nova Scotia, nchi ya Kanada, pamoja na darasa zima la wanafunzi wa bwana, kutazama machimbo, na bibi arusi akiwa amevaa mabuti. Hawakujaliwa watoto. Mwaka uliofuata alianzisha maabara ya wanawake katika chuo, akiitolea fedha zake mwenyewe kila mwaka, mpaka MIT ikakubali kuwapokea wanawake kama wanafunzi wa kawaida, na maabara ile ikafungwa mwaka 1883. Mwaka 1884 ilifunguliwa maabara mpya ya kemia ya afya, na Bibi Richards akafanywa mwalimu humo. Cheo hicho cha mwalimu wa kawaida alikuwa nacho miaka ishirini na saba, mpaka kufa. Uprofesa hakupewa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nisome habari zake mara tatu. Mwaka 1887 Bodi ya Afya iliamua kupima maji yote ya jimbo: mito, maziwa, chemchemi na visima, na si mara moja tu bali mwezi hata mwezi. Msimamizi alikuwa Profesa Thomas Drown, na Bibi Richards ndiye aliyeshika maabara. Katika miaka miwili hivi zilipita mikononi mwake na mwa wasaidizi wake sampuli zaidi ya 20,000. Chupa zilifika kila siku kutoka pande zote, nazo hazikuweza kungoja, maana maji yakikaa hubadilika. Kila moja ilipimwa, ikaandikwa mahali ilikotoka na tarehe yake.

Katika vipimo vile kimojawapo kilikuwa cha kloridi, yaani chumvi ya kawaida iliyoyeyuka majini. Mkemia hutia nitrati ya fedha tone kwa tone mpaka rangi igeuke, na hesabu ya matone humwambia kiasi cha chumvi. Namba zile zilipopangwa juu ya ramani ya jimbo likaonekana jambo zuri ajabu. Maji safi, yasiyoguswa na watu, yalikuwa na chumvi nyingi karibu na pwani, na kadiri mtu alivyokwenda bara ndivyo ilivyopungua, kwa mpango mzuri kabisa. Sababu ni upepo wa bahari, ambao huchukua chumvi na kuimwaga pamoja na mvua. Basi wakachora mistari ikifuata umbo la pwani, na kila mstari ukaandikwa kiasi cha chumvi ambacho maji ya mahali pale yapasa kuwa nacho. Ramani hiyo huitwa ramani ya klorini ya kawaida.

Faida yake ni hii. Binadamu hula chumvi, na chumvi ile hutoka tena katika mkojo wake. Ikiingia ardhini haiozi, wala udongo hauizuii, bali husafiri pamoja na maji mpaka kisimani. Amonia yaweza kugeuka njiani ikawa kitu kingine, na harufu yaweza kuchujwa na mchanga, maji yakatoka meupe, baridi na matamu. Lakini chumvi hubaki. Kwa hiyo kisima kikizidi kiasi kilichoandikwa kwenye mstari wake, mtu ana haki ya kuuliza ziada imetoka wapi. Chumvi yenyewe kwa kiasi kile haimdhuru mnywaji. Ni shahidi tu, tena shahidi asiyeweza kuhongwa.

Mwalimu wetu wa Kemia alinionya nisidhani kwamba ramani hiyo yaweza kuchorwa popote. Massachusetts ilikuwa na bahati, kwa kuwa miamba yake haina chumvi nyingi. Kwetu Tanzania, mathalani Dodoma, maji ya visima vingi huwa na chumvi ya ardhi yenyewe, na jua kali huizidisha. Hapo shahidi yule huweza kumsingizia mtu asiye na hatia. Visima vya pwani navyo mara nyingine huingiliwa na bahari.

Kazi ile ya Massachusetts haikubaki katika vitabu. Mwaka 1890 na 1891 homa ya matumbo iliua watu katika miji ya Lowell na Lawrence, iliyokunywa maji ya mto Merrimack, na Lawrence ilikuwa chini ya Lowell. Wataalamu wa Bodi wakauandama ugonjwa ule mpaka mtoni, na mwaka 1893 mji wa Lawrence ukajengewa chujio kubwa la mchanga. Vifo vikapungua sana. Wahandisi wengi waliojenga mitambo ya maji ya Marekani miaka ile walipita mikononi mwa Bibi Richards, maana kila mwanafunzi wa elimu hiyo pale MIT alifundishwa naye kupima maji.

Habari zake nyingine ni nyingi, nami nazipita upesi. Ndiye aliyeanzisha pamoja na wenzake somo la sayansi ya maarifa ya nyumbani, akawa rais wa kwanza wa chama chake. Somo hilo wavulana wa shule jirani hulicheka, nao hawajui kwamba lilianzishwa na mkemia wa maji. Mwaka 1910 Chuo cha Smith kilimtunukia udaktari wa heshima. Alifariki nyumbani kwake Boston tarehe 30 Machi, 1911, akiwa na umri wa miaka 68, na alikuwa bado akifanya kazi.

Sasa ile sababu ya pili. Kwetu ni milimani, Lushoto, mbali na bahari. Kisima chetu alikichimba babu kwa mikono yake mwaka aliozaliwa baba, na majirani husifu maji yake kuliko yote ya mtaa. Miaka miwili iliyopita mdogo wangu wa kike aliugua homa ya matumbo, akalazwa majuma mawili, tukidhani tutamkosa. Watu walilaumu maembe. Nilipokwisha kusoma habari za Bibi Richards nilichukua wakati wa likizo chupa tatu za maji, moja ya chemchemi ya juu msituni, moja ya kijito, na moja ya kisima cha babu, nikarudi nazo shuleni. Mwalimu akaniruhusu kutumia nitrati ya fedha. Maji ya chemchemi yalitaka matone 4. Ya kijito yalitaka 6. Ya kisima cha babu nilihesabu mpaka 21, nikadhani nimekosea, nikarudia, yakawa 20.

Hatua kumi na mbili juu ya kisima, upande wa mlima, kipo choo cha shimo. Ni kizuri, cha tofali, na baba alikijenga kwa fedha zake za kahawa mwaka ule ule mdogo wangu alipoanza darasa la kwanza. Sote tulijivuna kwa choo kile.

Mwalimu hakuniacha nitangaze ushindi. Aliniuliza kama niliisuuza chupa kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuijaza. Niliisuuza. Aliniuliza kama ng'ombe hunywa pale, na kama hupewa chumvi. Ndiyo, ng'ombe wawili wa babu hunywa pale, na kipande cha chumvi hutundikwa hatua chache tu kutoka kisimani. Akaniuliza nina sampuli ngapi. Nikasema moja, nikaona haya, nikikumbuka zile 20,000.

Kwa hiyo likizo ya Desemba nitachukua nyingine kabla ya mvua na nyingine baada ya mvua, na babu amekubali kuwafunga ng'ombe upande wa chini kwa mwezi mzima. Nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ameyanywa maji yale zaidi ya miaka arobaini, akaenda kuteka kata moja akanywa mbele yangu. Mama huchemsha ya kunywa, tangu nilipomwandikia barua. Baba bado sijamwambia kuhusu choo. Yeye hulisoma jarida hili kila muhula, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.