Luigi Broglio, Mwalimu wa Chuo Aliyerusha Setilaiti Ngomeni

Kila asubuhi navuka Magogoni kwa pantoni nikitokea Kigamboni, na mara nyingi kuna meli kubwa inapita mlango wa bandari. Meli hizo zinatangaza kwa redio jina lake, ilipo na inakoelekea. Huko juu kuna setilaiti ndogo, nyingine hazizidi ukubwa wa begi la mgongoni, zinazodaka ishara hizo, halafu kampuni za nje zinaziuza. Yaani mtu aliyekaa ofisini Ulaya anaweza kulipia kujua nani anaingia bandarini kwetu, wakati sisi tuliobanana kwenye pantoni tunaangalia tu rangi ya meli.

Wengi wetu chuoni tunadhani mambo haya yalianza juzi, tena mbali. Si kweli. Mmoja wa watu walioanza mapema kutengeneza setilaiti ndogo alizirushia kwenye pwani hii hii ya Waswahili, Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Luigi Broglio.

Alizaliwa Mestre, jirani na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi Roma, akaingia jeshi la anga upande wa wahandisi, na baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mkuu wa shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Miaka hiyo naipita haraka kwa kuwa ni ya mihadhara na makaratasi. Utamu unaanza 1961. Mrusi na Mmarekani wanashindana angani, na Italia haina fedha za kuingia kwenye mbio hizo. Broglio akaja na wazo la mwanachuo aliyeishiwa boom: setilaiti tutengeneze wenyewe, roketi tupate kwa Wamarekani, na uwanja wa kurushia tuuweke baharini, karibu na ikweta.

Kwa nini ikweta? Dunia inajizungusha, na pale ikweta ardhi inakwenda kwa kasi ya takriban kilometa 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki inapewa msukumo huo bure. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo roketi ikifeli haimwangukii mtu kichwani.

Mwaka 1962 Italia na Marekani wakakubaliana. NASA ikatoa roketi za Scout na kuwafundisha vijana wa Broglio, na tarehe 15 Desemba 1964 Waitaliano wenyewe wakairusha San Marco 1 kutoka Wallops, Virginia. Ilikuwa na uzito wa kilo 115 hivi. Ndani yake kulikuwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, kinachoitwa mizani ya Broglio. Setilaiti ilikuwa kama chombo ndani ya chombo: gamba jepesi nje, mwili mzito ndani, vimeunganishwa kwa mikono inayonepa. Hewa nyembamba ya juu ikilisukuma gamba, mikono inajipinda kidogo sana, na kiasi cha kujipinda ndicho kinachoonyesha uzito wa hewa.

Utauliza, hewa ya huko juu inamhusu nani? Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, ikatokea dhoruba iliyotoka juani, hewa ya juu ikatanuka, na karibu 40 zikavutwa chini na kuungua. Hasara ile ni jambo lile lile Broglio alilokuwa akilipima miaka karibu sitini kabla.

Turudi Ngomeni. Moja ya majukwaa yake, Santa Rita, lilikuwa jukwaa kuukuu la kuchimbia mafuta, likageuzwa kuwa chumba cha kuongozea. Jukwaa la pili, San Marco, lilibeba roketi. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka kutoka hapo. Halafu tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, timu yake ikarusha setilaiti ya NASA ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, akaipa jina la Uhuru. Ilipima anga lote na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wenyewe, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hapa ndipo mimi na mzee tunapotofautiana. Pwani ilitoa mahali na hata neno, lakini data zilikwenda Roma na Marekani. Wakenya walilalamika miaka mingi, mpaka mkataba mpya wa 2016 ukagusia mafunzo na haki ya kupata data. Simbebeshi Broglio lawama yote, kwa sababu mkataba una pande mbili na upande wetu nao ulitia sahihi. Na sisi wa Dar tusicheke. Tahadhari ya upepo mkali inayowafikia wavuvi wa Feri kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa inategemea pia picha za setilaiti za Ulaya.

Setilaiti 9 ziliruka Ngomeni, ya mwisho San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitaka Scout yenye nguvu zaidi ili kazi iendelee, lakini serikali yake haikumpa. Mawazo ya mradi ule yaliingia kwenye roketi ya Vega, iliyoruka mara ya kwanza 2012, tena kutoka Guyana ya Ufaransa. Yeye alishafariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi kikapewa jina lake.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na chuo kile kile cha Broglio, kilipeleka angani 1KUNS-PF, kijiboksi cha sentimeta 10 kila upande. Setilaiti ya Taifa-1 ya Kenya ikafuata tarehe 15 Aprili 2023. Iliondokea California.