Shekania mwana wa Yehieli: alitoa shauri, jamaa zikatengana

Mara hii tunaleta maisha ya mtu ambaye tukisoma kitabu cha Ezra tunapita jina lake haraka.

Kina Shekania ni wengi katika Biblia. Huyu ni mwana wa Yehieli, wa ukoo wa Elamu. Watu 1,254 wa ukoo ule walirudi kutoka Babeli na kundi la kwanza, nyuma ya mfalme Koreshi kutoa ruhusa mwaka 538 mbele ya Yesu. Karibu miaka 80 ikapita. Ezra naye akafika Yerusalemu na kundi lake, na ndani yake wanaume wa Elamu walikuwa zaidi ya 70.

Ezra akakuta waliorudi wameoa wanawake wa mataifa ya jirani, hata makuhani. Akapasua nguo, akalia mbele ya nyumba ya Mungu. Watu waliogopa: walijua baba zao walipelekwa utumwani juu ya kuvunja sheria. Njo Shekania akasimama. Alikubali kosa kwa niaba ya wote, akasema tumaini lingali lipo. Kisha akatoa shauri: wafanye agano, wafukuze wale wanawake pamoja na watoto waliozaliwa nao. Akamtia Ezra moyo asimame, watu watakuwa nyuma yake.

Wote wakaitwa Yerusalemu kwa siku 3. Asiyekuja atanyang'anywa mali na kutengwa. Tarehe 20 ya mwezi wa tisa walikaa uwanjani wakitetemeka, mvua inanyesha. Wengi wakakubali. Yonathani mwana wa Asaheli na Yazeya mwana wa Tikwa wakapinga, wengine 2 wakawaunga mkono. Wakubwa wakachunguza kesi miezi 3.

Orodha ikatoka na majina ya wanaume zaidi ya 100. Ukoo wa Elamu una 6, na mmoja anaitwa Yehieli. Kama ni yule yule, basi Shekania alisema neno lililogusa nyumba ya baba yake mwenyewe. Pengine alikuwa na mama wa kambo na wadogo zake ndani ya ile kesi. Nyuma ya pale hatumusikie tena.

Hatuandike haya kumuhukumu. Alitaka kuokoa watu wachache waliotoka mbali. Lakini mwisho wa ile orodha unasema tu kwamba wengine walikuwa wamezaa na wake zao. Jina la mama hata mmoja haliko, la mtoto pia haliko.

Sisi tunaoandikisha waliorudi tunajua uzito wa orodha: jina likikosa, mtu hapati mbegu wala jembe. Kwa hiyo, wazee wetu, siku mtakapokaa kuamua habari ya bibi aliyetoka kabila lingine, yeye mwenyewe aitwe na asikilizwe. Na jina lake liandikwe, pamoja na ya watoto wake, mbele ya neno lolote kukatwa.